Ndege wa Wavu wa Mwisho

Picha ile kila mtu aliiona. Mwenyekiti amesimama mbele ya matete, tabasamu limefika masikioni, mbayuwayu yuko mkononi mwake kachomoza kichwa kati ya vidole viwili, na nyuma yake wavu umetandazwa wazi kabisa. Kivuli chake kimejikunyata chini ya viatu kama mbwa anayekimbia jua. Aliituma mwenyewe kwenye kundi la simu la kituo chao cha ndege, Jumapili mchana, akaandika chini yake: "Wageni wetu wamefurahi sana." Watu wakaweka makofi na maua. Kufikia Jumatatu jioni picha ilikuwa imefutwa, lakini kufuta picha si kufuta macho ya walioiona.

Mwanamke ambaye habari hii inamhusu hakuweka makofi wala maua. Mchana ule alikuwa saluni kwake anamsuka bibi harusi, simu iko ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya kiti, na mama wa bibi harusi amesimama nyuma yake akisema kila baada ya msuko, "Mwembamba zaidi, mwanangu, mwembamba zaidi." Alisuka mpaka vidole vikawa vigumu kama vijiti. Picha aliiona jioni, akaitazama muda mrefu, akajiambia kwamba labda ni ya zamani.

Kituoni wanamwita Mama Pete. Jina hilo alipewa na mlinzi wa geti, mtu asiyeishiwa maneno, ambaye alfajiri ya kwanza alipomwona akipita na koleo na kamba ya pete ndogo za bati jepesi alimuuliza, "Mama, unakwenda kufungisha ndoa?" Tangu hapo hampitishi bila kumuuliza ndoa za leo zimekuwaje, na kama kuna bwana harusi aliyeruka kabla hajavishwa. Yeye humjibu kwamba wote wameruka, ndiyo sifa ya wanaume. Mlinzi hucheka mpaka akashika nguzo.

Hicho kituo usikitazamie jengo. Ni banda la mabati nyuma ya mabwawa ya majitaka ya mji, lenye benchi mbili na meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Harufu ya pale unaizoea kama unavyozoea mkwe: hupendi, lakini unaacha kuitaja. Ndege wenyewe wanapapenda. Matete yameota mpaka yamempita mtu kimo, wadudu ni tele, na msimu wa baridi ukishika kule kaskazini ya mbali, mbayuwayu hushuka kwa maelfu kuja kulala humo. Jioni wanaingia kama moshi unaorudi ndani ya chungu. Alfajiri wanatoka.

Wakati huo wa kutoka ndio wa kazi. Nyavu nyembamba kama nywele zinatandazwa kandokando ya matete kabla hakujapambazuka. Ndege akigonga anadondoka ndani ya mkunjo wa wavu, anatulia humo kama mtoto ndani ya mbeleko. Mtu anakuja kumtoa, anamtia kwenye kifuko cha kitambaa, anampeleka mezani. Anavishwa pete mguuni yenye namba yake peke yake duniani, anapimwa bawa, anapimwa uzito, anaachiwa. Siku moja, katika nchi ambayo Mama Pete hataiona, mtu mwingine asiyemjua atamshika ndege yuleyule na kuisoma ile namba, na hapo ndipo watu watajua alikopita. Ndiyo kazi yote. Hakuna anayelipwa, hata nauli. Wanakuja kwa sababu wanakuja.

Na jua likishapanda, nyavu hufungwa. Ndege aliyening'inia juani hufa upesi kuliko unavyodhani.

Aliyemleta Mama Pete huko ni huyo huyo Mwenyekiti, ambaye kwake ni shemeji, mume wa dada yake mkubwa. Ni mfamasia mwenye duka la dawa karibu na stendi, mtu mpole, shati lake halikunjiki. Mama yao alipofariki, Mama Pete alipoteza usingizi. Alikuwa anakaa kitandani anasikiliza mume wake akikoroma, anahesabu mabati ya paa. Shemeji akamwambia, "Shem, kama hulali, usikae bure. Njoo uone kitu." Alfajiri ile akamwekea mbayuwayu kiganjani, akampangia vidole kimoja kimoja: shingo hapa, kati ya hiki na hiki, mgongo ulale kiganjani, usibane, usilegeze. "Mshike kama siri," akamwambia. Mama Pete akausikia ule moyo mdogo ukipiga kwenye ngozi yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Shemeji akageuka upande mwingine, akajifanya anatafuta koleo.

Mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana jambo hili lilimchoma.

Kituo kilianzishwa na mwanamke mmoja waliyemwita Bibi Darubini, marehemu sasa, ambaye aliacha miiko miwili na darubini iliyopasuka kioo. Mwiko wa kwanza: wavu haufungwi na mtu mmoja. Mmoja anaukunja na kuufunga kwa vitambaa, kila baada ya urefu wa mkono mmoja, na wa pili anapita nyuma yake akishika fundo moja moja. Akifika mwisho anasema kwa sauti, "Nimepita." Wavu ukifungwa ovyo, upepo hulegeza kitambaa kimoja, kisha cha pili, wavu ukajitandaza wenyewe, na watu wako kwao wanakunywa chai. "Wavu usiofungwa," Bibi alikuwa akisema, "unawinda bila mwindaji."

Mwiko wa pili ni mgumu zaidi. Ndege akikufia, unamweka mezani mbele ya wenzako na unasema mwenyewe, kwa mdomo wako: "Huyu amefia mkononi mwangu." Hakuna atakayekugombeza wala atakayekubembeleza. Wanasikia, mnanyamaza kidogo, kazi inaendelea. Bibi alisema kituo kisichoweza kusema hivyo kifungwe, kwa sababu hakitajua tena kinaua wangapi.

Mama Pete aliwahi kuyasema maneno hayo, msimu wake wa kwanza. Shemeji naye aliwahi, zamani, sauti imekatika katikati. Mama Pete alikuwepo. Alimheshimu zaidi baada ya siku ile.

Basi Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, alikwenda kituoni kuchukua vifuko vya kitambaa akavifue. Mlinzi alimuuliza habari za ndoa, akamjibu kwamba leo ni talaka tu, anakuja kuchukua nguo chafu. Akapita kandokando ya matete akiimba kidogo. Alipofika kwenye wavu wa mwisho, wimbo ukakatika.

Wavu ulikuwa wazi. Jumapili aliufunga yeye mwenyewe kabla ya kwenda saluni, na mwenzao wa kituo, Dereva wa lori la saruji, alipita nyuma yake akasema "Nimepita." Vitambaa vya Mama Pete, alivyovikata kutoka kanga kuukuu akavikunja pindo, vilikuwa chini, vimerundikwa pamoja kama mtu alivyoviweka makusudi ili asivipoteze. Upande mmoja wa wavu ulikuwa umezungushwa mara mbili tatu na kufungwa kwa kipande cha utepe wa karatasi wa rangi, ule wa kupambia sherehe. Umande ulikuwa umeulainisha, umekatika.

Na ndani ya mikunjo walikuwamo mbayuwayu. Saba. Wengine waliingia jioni walipokuja kulala, wengine alfajiri walipotoka. Mmoja alikuwa amejizungusha mpaka nyuzi zimemfunga mdomo. Mama Pete aliwatoa mmoja mmoja, polepole, kama wangali hai, kwa sababu vidole vyake havikujua namna nyingine. Wa tano alikuwa na pete mguuni. Akaifuta kwa ukucha, akaisoma. Ilikuwa ya mfululizo wao wa msimu uliopita. Pengine aliibana kwa mkono wake mwenyewe. Ndege yule alikuwa amevuka jangwa na bahari kwenda kaskazini, akajenga, akalea, akavuka tena jangwa na bahari kurudi, asikosee njia, ili afe kwenye utepe wa sherehe.

Akampigia Shemeji. Alikuja upesi, koti jeupe la dukani bado liko mwilini.

"Shem, pole," alisema. "Upepo wa jana ulikuwa mkali."

"Upepo haufungui mafundo ukayarundika chini. Nani alifungua wavu huu?"

Shemeji akautazama utepe, kisha akatazama matete.

"Wageni walichelewa," akasema. "Walitoka mbali, wana kamera, wanataka kuona ndege. Ningewaonyesha mabwawa ya kinyesi?"

"Na kufunga ulifunga na nani?"

"Shem, hawa washakufa. Tuzungumze mambo ya walio hai."

  Mama Pete alimwita mlinzi wakaufunga wavu kwa muda, akawatia ndege kwenye kifuko, akaenda nao nyumbani.

Jioni simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mwenyekiti kwa wote: "Kwa masikitiko, wavu wa mwisho haukufungwa vizuri Jumapili, tumepoteza ndege kadhaa. Tusilaumiane, sote tunajifunza. Msaidizi wetu atazungumza Jumamosi mezani." Msaidizi alikuwa mmoja tu. Wengine wote wanajulikana kwa kazi zao au vyeo vyao, na msaidizi ni yeye, anayengoja msimu huu apewe kibali chake mwenyewe cha kuvisha pete, baada ya miaka ya kushika ndege chini ya kibali cha mwingine. Chini ya ujumbe ule watu wakaanza kuandika: pole Mama Pete, usijali Mama Pete, hutokea Mama Pete.

Hata mmoja hakuuliza, "Na ile picha?"

Mume wake, fundi wa redio, alitoka jikoni na bilauri tupu.

"Mke wangu, nimefungua friji nitafute barafu, nimekutana na msiba."

"Usiwaguse."

"Siwagusi. Nimewapa pole tu." Akakaa, akasoma simu aliyosogezewa, midomo ikicheza. "Sasa huyu shemeji yako si anakusingizia?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya ndege saba?" Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapima kama anavyopima redio mbovu, kidogo kidogo. "Mbona sisi kuku tunachinja, na hakuna anayeandika masikitiko?"

"Kuku nikimchinja nasema nimemchinja! Sisemi kachinjwa na jirani."

Fundi akainua mikono. "Haya mama. Kwa hilo umenishinda." Kisha akaongeza, "Lakini barafu nitapata wapi?" Mama Pete akacheka bila kutaka, na kicheko kile kikamwongezea hasira, kwa sababu alijua angecheka vilevile Jumapili ijayo kwenye chakula cha familia na Shemeji kama asingekwenda kuchukua vifuko.

Jumanne Mwalimu wa Hesabu alikuja saluni kusukwa. Ni mwanamke wa umri wake, ndiye anayeandika vipimo kituoni, na ni mtu wa haki katika mambo madogo: hukataa hata kukadiria uzito wa ndege kama mizani inatikisika. Alikaa kwenye kiti, akatazama kioo, akazungumza habari za mvua. Mama Pete akampasua njia ya kwanza kwa mkia wa kitana.

"Aii! Mama Pete, hicho ni kichwa, si kamba ya meli."

"Uliiona picha?"

Kichwa kilitulia chini ya vidole.

"Niliiona."

"Ukaweka nini?"

"Maua," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo.

Mama Pete akasuka mistari miwili. Kwenye kiti cha pili mteja mwingine, nywele zimejaa dawa, alikuwa ameacha kusoma gazeti.

"Sasa Jumamosi niseme nini?"

"Sema tu, mwenzangu, yaishe." Mwalimu alimtazama kupitia kioo. "Nimefikiri sana. Wewe ni msaidizi. Kosa la msaidizi ni la kujifunza, watakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Kosa lake yeye ni la kituo. Kibali kiko kwa jina lake. Wakimnyang'anya, nyavu zote zinakunjwa, na wewe na mimi tunabaki kuangalia mbayuwayu kwenye kalenda."

"Na kibali changu mimi?"

"Utaomba mwakani."

"Mwakani," alisema Mama Pete. "Mwakani ni makaburi, wamezikwa wengi humo."

"Usiwe hivyo. Nani asiyejua kwamba si wewe? Sote tunajua!"

"Hilo ndilo linalonitapisha. Mngekuwa hamjui ningewaeleza. Mnajua, halafu mnaniletea pole!"

Mteja wa kiti cha pili hakuweza kujizuia. "Samahani, jamani, hao ni ndege gani? Kasuku?"

"Mbayuwayu," walijibu wote wawili kwa pamoja, kwa ukali uleule, na mteja akarudi gazetini.

Mwalimu aliondoka na nywele zilizobana mpaka nyusi zimepanda. Mama Pete alijilaumu baadaye. Si kawaida yake kuweka hasira kwenye kichwa cha mtu.

Alhamisi aliitwa na dada yake. Sebule ile aliijua kama kiganja chake: makochi yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, saa ya ukutani inayokwenda mbele makusudi, picha ya mama yao juu ya kabati la vyombo visivyotumika. Dada alikuwa amemwandalia chai na hakuwa ameinywa yake.

"Mdogo wangu, nasikia unataka kumvunjia mume wangu heshima mbele za watu."

"Nani kakuambia nataka? Mimi nimenyamaza. Yeye ndiye aliyeandika."

"Hakutaja jina lako."

"Dada, usinichezee. Hata mlinzi wa geti amenipa pole."

Dada akazungusha kijiko ndani ya kikombe kilichokwishapoa. "Mama alipokuwa anaondoka, nani alikuwa anamchoma sindano kila alfajiri? Mimi nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwa unalia. Nani alimgeuza, akampaka mafuta mgongoni, akamsemesha kama mtoto?"

"Ni yeye."

"Basi."

"Basi nini? Kwa sababu alimshika mama vizuri ndiyo niwabebe ndege wake?" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya ile picha juu ya kabati. "Dada, angekuwa mtu wa hovyo ningesema tu, nikatema mate pembeni, nikaenda zangu. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusema. Nilimwona kwa macho yangu analia mezani kwa ajili ya ndege mmoja. Mmoja! Leo wako saba, ananiachia mimi."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Shemeji alikuwa amesikia yote, alisimama na soksi, mikono haijui pa kukaa.

"Shem, umekula?"

"Nimekula, Shemeji. Ahsante."

Akakaa ukingoni mwa kochi. "Nimezeeka katika kazi hii," alisema polepole. "Wale wageni ndio wanaosikilizwa huko juu, kwa wanaotoa vibali. Wakijua nilifungua wavu juani kwa ajili ya picha, nimekwisha. Wewe bado una njia ndefu." Akainama kidogo, akashusha sauti kama anayempa mtu zawadi. "Sema Jumamosi, halafu mimi mwenyewe nitakupendekeza kibali. Msimu huu huu. Sitangoja mwakani."

Mama Pete alimtazama mtu huyu ambaye alfajiri ile ya kwanza alimpangia vidole.

"Kwa hiyo nikisema uongo ndipo nitakuwa nimehitimu?"

"Si uongo. Ni... kukiokoa kituo."

"Wageni wanaotaka picha wanaletewa ndege. Ndege wanaotaka wavu ufungwe wanaletewa utepe. Na mimi ninayetaka kibali naletewa maiti." Akasimama, akachukua mkoba. "Chai nzuri, Dada. Nitakunywa siku nyingine."

Jumamosi walikutana bandani kabla ya mapambazuko, taa ya betri juu ya meza. Mwenyekiti, Mwalimu, Dereva, na Mama Pete. Nyavu zilikuwa bado zimefungwa, kwa sababu neno la mezani husemwa kwanza. Mama Pete alitandika taulo safi ya saluni, akafungua kifuko, akawapanga. Barafu ilikuwa imewafanya wadogo zaidi. Yule mwenye pete akamweka mbele.

Mwenyekiti akakohoa. "Haya. Tumsikilize mwenzetu."

"Hawa wamefia kwenye wavu wa mwisho," alisema Mama Pete. "Wavu huo niliufunga, na Dereva alipita. Baadaye ulifunguliwa, ukafungwa na mtu mmoja. Mtu huyo yuko hapa. Maneno yanayotakiwa ni yake, mimi siwezi kuyasema kwa niaba yake. Nikiyasema ni kana kwamba nimewaua mara ya pili." Akakaa.

 Nje mbayuwayu walianza kuamka, kelele ndogondogo ndani ya matete kama mafuta yanayoanza kuchemka.

"Tunapoteza asubuhi," alinong'ona Mwalimu.

"Ipotee."

Mwenyekiti aliondoa miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Sawa," alisema. "Tumepoteza ndege saba. Kama kituo, tunasikitika."

"Hiyo 'tumepoteza' ni nani na nani?"

"Sote, Shem. Kituo ni sisi sote."

"Mimi nilikuwa nasuka. Dereva alikuwa barabarani na saruji ya watu. Mwalimu alikuwa kwenye kikao cha ukoo. Huyo Sote ni nani? Anakaa mtaa gani? Nimtafute nimpe hawa ndege wake!"

Dereva aliinamisha kichwa kuficha mdomo. Mwenyekiti hakucheka. Alisimama, akachukua kofia yake, akachukua na koleo, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Nilidhani wewe ni mdogo wangu," alisema.

"Ndiyo maana nasema mbele yako. Nyuma yako wanasema hawa."

Akatoka. Walisikia viatu vyake kwenye changarawe, mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa.

Ikawa kama mtu amekata kamba ya kitu na wote wanangoja kianguke. Mwalimu alimtazama Mama Pete kwa macho ya kusema, sasa umefurahi? Na Mama Pete hakuwa amefurahi hata kidogo. Alikuwa na hasira, ileile ya Jumatatu, haijapungua hata tone, na mikono yake ilikuwa baridi kama ndege wa mezani.

Ndipo Dereva akazungumza. Ni mtu wa maneno machache, husema amemaliza mengi barabarani akigombana na pikipiki. Alisogeza kiti mezani, akaweka kiganja karibu na taulo.

"Niliiona picha mchana," alisema. "Niliona wavu uko wazi na jua liko utosini. Nikajua. Nikaweka makofi."

Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyembembeleza. Ndivyo mwiko ulivyo. Wakanyamaza kidogo.

Mwalimu alikuwa anauma ndani ya shavu. "Mimi maua," alisema mwishowe. "Niliweka maua. Halafu nikaenda kukuambia usubiri mwakani."

Wakanyamaza tena.

Mwenye kibali hakuwapo, kwa hiyo hakuna wavu uliofunguliwa asubuhi ile, na pengine hautafunguliwa msimu mzima. Lakini macho hayahitaji kibali. Mwalimu alichukua darubini iliyopasuka kioo, akatoka nje kuhesabu wanaotoka, kwa makundi, kama walivyofundishwa. Mbayuwayu walipanda kutoka kwenye matete wote kwa pamoja, mbingu ikawa na madoadoa, wakapita juu ya bati, juu ya mabwawa, juu ya geti, wakaenda zao.

Mama Pete alikwenda kwenye nyavu. Kwenye ule wa mwisho alifungua utepe uliobaki, akautia mfukoni, akafunga upya kwa vitambaa vyake, fundo kwa fundo, kila baada ya mkono mmoja. Alivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipofika kwenye nguzo ya mwisho alisikia nyasi zikivunjika nyuma yake. Dereva alikuwa anapita, kiganja chake kikubwa kinashika fundo moja moja, hana haraka.

"Nimepita," alisema.

Waliporudi bandani mlinzi alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Safari hii hakuuliza habari za ndoa. Alitazama taulo, akatazama pembeni.

"Mama Pete, Mwenyekiti yuko ndani ya gari pale getini. Tangu alipotoka. Hajawasha. Nimfungulie geti au nimwache?"

Mwalimu, aliyekuwa amerudi ndani na darubini shingoni, alianza kukunja taulo juu ya ndege, taratibu, kwa huruma. Mama Pete akamshika mkono.

"Waache hapo hapo," alisema. Kisha akamgeukia mlinzi. "Kama anataka kutoka, mfungulie. Kama anataka kurudi, mwambie meza bado haijaondolewa."

Akavuta kiti cha Mwenyekiti, akakiweka mahali pake, mbele ya yule ndege mwenye pete, akatoka nje pamoja na Mwalimu kujumlisha hesabu ya waliotoka.